Mume Anayeficha Tabasamu Lake



Mwezi huu twawaomba mfanye jambo dogo kabla ya kuendelea kusoma. Itoeni picha ya harusi yenu, ile iliyotundikwa sebuleni au iliyolala ndani ya albamu, mwitazame pamoja. Mtazameni bwana harusi. Je, anacheka? Katika nyumba nyingi za huku kwetu, kuanzia Naivasha na Gilgil, kupitia Elementaita na Nakuru mpaka Njoro, Rongai na Bahati, bibi harusi anatabasamu na bwana harusi amefunga midomo kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Wageni wakiiona husema, "Huyu ni mwanamume kweli, hana mchezo." Pengine ni kweli. Pengine mpiga picha alipowaambia wacheke, bwana harusi alikumbuka meno yake.

Somo letu linahusu mwanamume na mwili wake. Tumezoea kudhani kwamba kujitazama kwenye kioo ni shughuli ya wanawake, na kwamba uzuri wa mwanamume uko katika mikono yake na mfuko wake. Mvulana huambiwa hivyo tangu utotoni. Basi akikua na kuichukia sehemu fulani ya mwili wake, hana mahali pa kulisema jambo hilo. Hawezi kulitaja katika Jumuiya Ndogo Ndogo, wanaume wenzake watacheka. Hawezi kumwambia mama yake, maana huyo ndiye aliyemzaa. Mke ndiye mtu wa mwisho anayetaka alijue, ingawa mke analiona kila asubuhi.

Kwa hiyo analificha ndani ya jambo lingine. Hulificha ndani ya ukali, au ukimya, au mzaha usiokwisha, au pombe, au kuchelewa kurudi nyumbani. Mke anauona ukali. Aibu iliyo chini yake haioni, na taratibu huanza kujiuliza kama bado anapendwa. Mume kwa upande wake anauona uso wa mke umenuna, naye anasema moyoni, "Nilijua tu, ananidharau." Wawili hawa wanaweza kuishi miaka ishirini hivyo, kila mmoja akijibu swali ambalo mwenzake hakuuliza.

Tutazungumza zaidi juu ya meno, kwa sababu jambo hili ni letu watu wa Bonde la Ufa, na kwa sababu lina watoto ndani yake, kama mtakavyoona.

Maji ya kwetu

Ardhi hii tunayoilima ni ardhi ya volkeno. Menengai iko juu ya mji, Longonot inatutazama kutoka Naivasha, na katikati kuna Eburru yenye mvuke wake. Maji yanayopita chini kwa chini katika miamba ya namna hiyo huyeyusha madini yaitwayo floraidi. Floraidi kidogo si adui. Hulinda meno yasioze, ndiyo maana imetiwa katika dawa nyingi za kusugulia meno. Ikizidi ndipo huharibu. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha juu cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Visima vingi vya huku hupita kipimo hicho, vingine mara kadhaa. Maji ya Ziwa Nakuru na ya Elementaita yana floraidi nyingi kupindukia. Hayo tumewaachia flamingo.

Sasa sikilizeni jinsi meno yanavyoharibika, kwa maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Meno ya ukubwani hutengenezwa ndani ya ufizi miaka mingi kabla hayajaonekana. Mtoto anayekunywa maji yenye floraidi nyingi tangu uchanga hadi umri wa miaka minane hivi, ganda la nje la meno yake halikomai sawasawa. Jino linapochomoza lina madoa meupe kama chaki. Baadaye madoa hayo huwa ya manjano, kisha ya kahawia, na kwa wengine jino hutoboka vishimo vishimo na kumeguka kando. Aliyekwisha kupita umri huo haharibiki meno tena kwa njia hii. Ndiyo sababu mwalimu aliyehamia Njoro kutoka Kakamega akiwa mtu mzima ana meno meupe, na jirani yake aliyezaliwa papa hapa anafunika kinywa kwa kiganja, ingawa wote wawili wanachota kisima kimoja.

Kwa hiyo meno ya kahawia si uchafu. Si uvivu wa kupiga mswaki, si tumbaku, si laana ya ukoo, wala si ugonjwa ulio katika damu unaorithiwa. Tunasema haya waziwazi kwa sababu tumesikia wazazi wakinong'ona kwamba binti yao asiolewe katika nyumba fulani "isije ikatuletea meno." Nyumba hiyo haina kosa lolote. Ina kisima tu.

Aliyoyasikia kabla hajakuoa

Mke mpendwa, mume wako hakuanza kuona haya siku aliyokuoa. Alipokuwa darasa la tatu au la nne, meno yake mapya yalipotoka, kuna mtoto aliyemtungia jina. Yawezekana darasa zima lilikuwa na meno kama yake na hakuna aliyejali, basi alilipata jina hilo siku alipokwenda shule ya bweni mkoa mwingine, au alipopata kazi Nairobi, ambako watu walimtazama kinywani akiongea kisha wakasema, "Aa, wewe ni wa Nakuru." Alipokuwa kijana alijifunza kucheka akitazama chini. Siku ya kuandikisha askari vijana walipangwa uwanjani, wakapimwa kimo na kilo, wakaambiwa wafungue vinywa, mbele ya umati uliokuja kutazama. Sisi tunauona mwili wa mwanamume kuwa jambo asilolifikiria, na huku tangu ujana wake tumekuwa tukiukagua hadharani kama ng'ombe wa mnada.

Tuchukue mfano. Mume ni fundi wa magari, mke anauza nguo sokoni, wana watoto watatu. Jioni moja mke anasema:

"Baba watoto, mwalimu ametaka wazazi wote wawili waje Ijumaa."

"Nenda wewe, mama. Mimi nina kazi."

"Kila mara una kazi. Kwani hawa watoto ni wangu peke yangu?"

Mume ananyamaza, anachukua koti, anatoka. Mke anabaki na hakika kwamba amemwoa mtu asiyejali watoto. Lakini mume huyu huyu ndiye anayelipa karo bila kuchelewa, na ndiye anayeamka usiku mtoto akikohoa. Asichokiweza ni kukaa kwenye kiti kidogo cha darasani, kusimama mbele ya wazazi wengine na kusema jina lake kwa sauti. Kazi anayo kweli, hakusema uongo. Alisema nusu.

Tena mke huyo hakumbuki kwamba miaka mitatu iliyopita, dada yake alipokuja kuwatembelea, walicheka pamoja jikoni juu ya meno "ya chai ya rangi." Mume alikuwa uani akinawa mikono. Tangu siku hiyo hacheki kwa sauti ndani ya nyumba yake mwenyewe, na usiku hulala akielekea ukutani. Mke amekwisha kumwambia rafiki yake kwamba labda kuna mwanamke mwingine.

Hatusemi kila mume mkali anaumwa na meno yake. Wapo wakali kwa sababu ya dhambi tu, na hao tutawaandikia siku nyingine. Wala aibu ya mwili haimpi mume ruhusa ya kumpiga mkewe au kumtukana. Anayefanya hivyo asijifiche nyuma ya somo hili. Twasema tu kwamba kabla hujahukumu ukimya wa mwenzio, uliza umetoka wapi.

Swali la bustanini

Kitabu cha Mwanzo kinasimulia kwamba kabla ya dhambi mwanamume na mkewe walikuwa uchi, wala hawakuoneana haya. Baada ya dhambi jambo la kwanza walilofanya ni kushona majani, na la pili ni kujificha katikati ya miti. Adamu alipoitwa akajibu kwamba aliogopa kwa kuwa yu uchi. Wengi wetu tunakumbuka mambo hayo tangu katekisimu. Tunalolisahau ni swali ambalo Mungu alimwuliza mara moja: ni nani aliyekuambia?

Twapendekeza swali hilo hilo litumike nyumbani. Chagueni jioni ambayo watoto wamelala na redio imezimwa. Mke asianze na meno, wala tumbo, wala upara. Aseme kwa upole, "Baba watoto, kuna kitu katika mwili wako ambacho hukipendi?" Mume akijibu, basi aulizwe: ni nani aliyekuambia kwanza kwamba ni kibaya? Mtashangaa. Mara nyingi mwanamume anakumbuka mtu, darasa, hata mwaka. Mume wa miaka arobaini na tano anaweza kukutajia neno aliloambiwa akiwa na miaka tisa, na sauti yake ikabadilika akilitaja.

Hapo mke awe mwangalifu. Asikimbilie kusema, "Lakini mimi sijali." Neno hilo ni jema, ila likija mapema mno humfunga mtu kinywa, kwa sababu yeye bado hajamaliza kusema na wewe umekwisha kufunga mkutano. Msikilize kwanza. Asiseme pia jambo lisilo kweli. Ukimwambia mume mwenye meno ya kahawia kwamba meno yake ni meupe, umemtendea kama mtoto. Sema lililo kweli: "Niliyaona siku ya kwanza tulipokutana, na nilikukubali." Au, "Napenda ukicheka. Siku hizi huchekei nyumbani, na mimi nimekosa kicheko chako." Maneno kama hayo hayahitaji kupambwa.

Na wewe mume, ukiulizwa usijibu kwa mzaha. Mzaha ndio ule ukuta wenyewe. Ikiwa kusema usoni ni kugumu, semeni taa ikiwa imezimwa. Wengine wamelisema kwanza wakiwa njiani kurudi kutoka Misa, kwa sababu watu wawili wanaotembea hawatazamani machoni.

Kuna jambo la kuongeza kwa waume, nalo ni chungu. Mara nyingi mwanamume anayeona haya juu ya mwili wake ndiye mwepesi zaidi kuusema mwili wa mkewe. Mke amezaa mara nne, tumbo limelegea, matiti yameshuka, na mume anamtania mbele ya rafiki zake. Anafanya hivyo ili macho ya watu yaende huko yasije kwake. Mtakatifu Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba mwili wa mume si mali yake peke yake, ni wa mkewe pia, na wa mke ni wa mumewe. Ukiutukana mwili wa mkeo umejitukana mwenyewe, na yeye hatasahau.

Vitambi, upara na mengineyo

Meno si jambo pekee. Yuko mwanamume mfupi ambaye katika kila picha husimama hatua moja mbele ya mkewe. Huyo tungependa kumkumbusha juu ya Philip Waruinge, bondia aliyeuletea mji wetu wa Nakuru sifa: nishani ya shaba katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 pamoja na Kombe la Val Barker la bondia bora wa mashindano, kisha nishani ya fedha Munich mwaka 1972. Alipigana katika uzani wa unyoya, usiozidi kilo 57. Wanaume wakubwa wa Nakuru walilipa kiingilio kumtazama.

Yuko mwenye kitambi. Zamani kitambi kilikuwa heshima. Watu walisema mke anamlisha vizuri. Tena katika miaka ya 1990, UKIMWI ulipokuwa unatumaliza na dawa hazijafika, mwanamume aliyekonda alinong'onwa kila alipopita, na wapo wanaume wa umri huo ambao mpaka leo wanaogopa kupungua hata daktari akiwaagiza. Wake wasifanye kitambi kuwa mzaha wala fahari. Ni jambo la kupimwa shinikizo la damu na sukari. Vijana nao wana taabu iliyogeuka upande wa pili: wanaona katika simu vifua vya wanaume wasio na kazi nyingine ila kunyanyua vyuma, kisha kijana anayebeba magunia ya viazi Molo tangu alfajiri anajiona dhaifu. Wengine hununua unga na vidonge vya kutunisha misuli bila kujua kilichomo. Wasinunue.

Mwanamume ambaye mwili wake ndio chombo chake cha kazi, kama dereva wa lori, mchimba visima au mbeba mizigo, akivunjika mgongo huona amevunjika uanaume. Na mwenye kisukari ambaye nguvu zake za unyumba zimepungua huona hivyo hivyo, na mara nyingi humkwepa mkewe badala ya kumweleza. Kisukari huathiri mishipa na neva. Jambo hili linajulikana sana kwa madaktari na lina matibabu. Aende hospitali, na mke ajue kwamba kukwepwa huko si kuchukiwa.

Yako na majeraha mengine ambayo hayakutokana na kioo. Mwanzoni mwa mwaka 2008, wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi, kuna wanaume waliokamatwa hapa Nakuru na Naivasha wakatahiriwa kwa nguvu kwa sababu ya kabila lao. Tume ya Jaji Philip Waki iliyaandika mambo hayo mwaka huo huo. Ikiwa mume wako ni mmoja wa waliotendewa hayo, usimlazimishe kusimulia. Mwache ajue tu kwamba mlango uko wazi, na kwamba yapo masikio mengine pia: padre, mshauri, daktari. Na sisi tulio nje tuache mzaha wa kabila unaohusu miili ya wanaume. Tumekwisha kuona uliishia wapi.

Mwili si ganda

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, ambaye sasa ni Mtakatifu, alianza mwezi wa Septemba 1979 kufundisha juu ya mwili wa mwanadamu katika mikutano yake ya Jumatano, akaendelea mpaka Novemba 1984. Miaka mitano juu ya mwili! Watu walishangaa Papa ana nini cha kusema huko. Kwa maneno yetu sisi, fundisho lake lilikuwa kwamba mwili si ganda ambalo roho imelivaa kwa muda. Kwa mwili mtu hujitoa kwa mwenzake, na katika ndoa mwili wa mume husema kwa mke jambo ambalo midomo imelisema kanisani: nimejitoa kwako mzima.

Mzima maana yake pamoja na meno. Mume anayejitoa huku ameficha sehemu, amejitoa kwa sharti. Hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya; anaogopa tu. Tena tukumbuke kwamba Bwana wetu alipofufuka alikuwa na mwili wa utukufu, na bado alikuwa na makovu mikononi na ubavuni. Hakuyafunika. Aliwaonyesha rafiki zake, na Tomaso aliposita alimwita asogee karibu. Yafaa waume wakae na Injili hiyo kidogo.

Mtoto aliye mezani

Tulisema kwamba jambo hili lina watoto ndani yake. Baba anayeona haya juu ya meno yake hataki meno yatajwe nyumbani. Kwa hiyo hataji maji. Kwa hiyo hapimi kisima. Na mtoto wake wa miaka miwili anakunywa uji uliopikwa kwa maji yale yale yaliyomharibu baba. Mtoto hakurithi meno kwa damu, alirithi mtungi.

Tena wazazi hudanganyika kwa urahisi, kwa sababu meno ya utotoni kwa kawaida hayapati madoa mengi. Mama anamtazama mtoto wake akicheka, meno meupe kama maziwa, anasema huyu ameponea. Wakati huo huo meno ya ukubwani yanatengenezwa chini ya ufizi, na yale ya mbele yanaharibika zaidi katika miaka mitatu ya kwanza. Yatachomoza akiwa na miaka sita au saba, siku ambazo hakuna tena la kuzuia kwa meno hayo.

Nini kifanyike? Mama anyonyeshe. Hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, maziwa yake hubeba kidogo sana. Mungu ameweka chujio hapo. Hatari huanza kwa uji, chai na maji ya kunywa. Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa safi la mabati karibu hayana floraidi. Kama tangi ni dogo, wekeni maji ya mvua kwa ajili ya watoto wadogo tu, na ninyi wakubwa mtumie ya kisima kwa kufua na kuosha. Msitie magadi katika maharagwe na mboga za watoto, kwa maana magadi nayo hubeba floraidi. Na jueni kwamba kuchemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maji yakipungua sufuriani, floraidi hubaki katika yale yaliyosalia. Dawa ya klorini haiiondoi pia.

Kanisa letu lilifanya kitu katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mradi wa maji wa Jimbo Katoliki la Nakuru ulianza kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa. Mifupa ya ng'ombe huchomwa katika tanuru, ikavunjwa punje punje, kisha maji yakapitishwa humo. Floraidi hupenda kushikamana na mfupa na jino, ndiyo sababu inatudhuru. Ikikutana kwanza na mfupa wa ng'ombe hunaswa huko. Mkaa huo huchoka baada ya muda na lazima ubadilishwe, la sivyo mtakuwa na ndoo nzuri isiyofanya kazi. Wasiokuwa na chujio waanze kwa kupima: chota maji katika chupa safi ya plastiki, uliza ofisi ya afya iliyo karibu maabara ya kupima floraidi iko wapi. Kwa maoni yetu kazi hiyo aifanye baba. Achukue chupa mwenyewe, na mtoto mkubwa akiuliza ni ya nini, amweleze akitumia meno yake kama mfano. Baba aliyefanya hivyo mara moja amekwisha kulitaja jambo lake mbele ya nyumba nzima, na kwa sababu njema.

Je, kutengeneza meno ni majivuno?

Waume huuliza swali hili kwa sauti ya chini, kwa hiyo tulijibu. Kwanza, msijitengenezee wenyewe. Wako wanaosugua meno kwa mchanga, jivu au vitu vikali vya dukani. Madoa yako ndani ya ganda la jino. Ukisugua unaondoa ganda, na ganda halioti tena. Utabaki na meno yanayouma ukinywa chai ya moto.

Daktari wa meno anazo njia. Madoa mepesi anaweza kuyaondoa kwa kusugua kitaalamu sehemu nyembamba ya juu. Yaliyo mazito hufunikwa kwa dawa ngumu yenye rangi ya jino, na jino lililomeguka sana huvikwa kofia. Gharama hutofautiana sana, na kofia ni ghali.

Kuhusu majivuno: mtu anayetaka kuongea na watu bila kufunika kinywa hajivuni. Anataka tu kuwa kama wenzake. Majivuno huingia pale karo ya mtoto inapoliwa na jino, au mume anapokopa kwa siri ili mke aone matokeo tu. Pangeni pamoja, kama mnavyopanga mbolea na mbegu. Mume mwingine, akiisha kulisema jambo lake na kusikilizwa, huona hana haja ya daktari tena. Mwingine bado ataenda. Wote wawili wako sawa, na mke asimsukume upande wowote.

Mkiamua kwenda, nendeni wawili, na mke aingie chumbani pamoja naye, kwa maana mume atafungua kinywa chini ya taa kali na ni vizuri ashikwe mkono. Mwulizeni daktari kwanza bei ya meno mawili ya mbele. Si lazima yatengenezwe yote siku moja.